Mpira Unapokwenda Kulia
(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya gofu, kwa kuwa asubuhi hii mipira mingi ya wazee imepotelea vichakani, karibu yote upande wa kulia. Vijana mliotubebea mikoba mlicheka chinichini. Nawasamehe, maana hata mimi nilitafuta mipira vichaka hivyo hivyo kwa miaka 12.

Nasema habari za mchezaji wa mkono wa kulia. Wa kushoto na ageuze. Uko mpira unaotoka moja kwa moja kwenda kulia bila kupinda. Huo mara nyingi ni wa kusimama vibaya. Laza fimbo chini mbele ya vidole vya miguu, kisha rudi nyuma uone inaelekea wapi. Lakini uko mwingine unaoanza vizuri, halafu ukapinda kulia kama ndizi. Huo ndio ugonjwa wa wengi wetu.

Chanzo chake ni kwamba, wakati wa kugonga, uso wa fimbo umeelekea kulia kuliko njia inayopita fimbo yenyewe. Zamani tulifundishwa kuwa mpira huanza kwa kufuata njia ya fimbo. Vipimo vya rada vya miaka ya 2000 vilionyesha kuwa huanza hasa kule uso unakoelekea.

Mimi, kila mpira ulipokwenda kulia, nilisimama nikielekea kushoto. Ukazidi kupinda. Nikaelekea kushoto zaidi. Kumbe fimbo ilizidi kukatiza kushoto, uso ukabaki nyuma, na tofauti baina yao ikakua. Nilikuwa naulisha ugonjwa.

Siku moja nilimgeukia kwa hasira kijana aliyenibebea mkoba, nikamwuliza anaona nini. Akajibu: "Mzee, mkono wako wa kushoto umeshika vibaya. Kinaonekana kifundo kimoja tu." Nikamwuliza mbona hakusema siku zote hizo. "Hukuniuliza, mzee."

Basi, dawa ni hii. Geuza mkono wa kushoto juu ya mpini hadi ukitazama chini uone vifundo viwili au vitatu vya vidole. Usikaze kama mtu anayekamua nguo. Kisha weka boksi tupu nyuma kidogo ya mpira, upande ulio mbali nawe. Ukiligonga, ujue fimbo bado inatoka nje kuja ndani. Anza na fimbo fupi, kwa nusu ya nguvu. Siku za kwanza mipira mingine itakwenda kushoto. Usirudie mshiko wa zamani kwa sababu hiyo.

Wazee wenzangu, waliotubebea mikoba leo wameona makosa yetu yote. Tuwaulize. Nanyi vijana, mkiulizwa, semeni kweli, kwa adabu.