Gari Linalozima Njiani

Leo tutazungumza juu ya ugonjwa mmoja wa gari unaowasumbua watu wengi. Gari linazima njiani, linapumzika robo saa, kisha linawaka tena kana kwamba halina neno.

Ugonjwa huu una hila. Gari likifika kwa fundi, linanguruma vizuri. Ndipo kubahatisha kunapoanza: leo plagi mpya, kesho betri, keshokutwa pampu. Fedha zinakwisha, na gari bado linazima. Tena hasara si ya fedha tu. Injini ikizima, katika magari mengi breki huwa ngumu baada ya kukanyagwa mara mbili tatu, na usukani huwa mzito. Fikirini jambo hilo likitokea mteremkoni, au juu ya njia ya reli!

Basi na tufanye kama daktari: aulize kwanza, ndipo atoe dawa. Injini ya petroli inahitaji vitu vitatu: petroli, hewa, na cheche ya umeme kwa wakati wake. Chukua daftari, na kila gari linapozima andika. Je, injini ilikuwa ya moto au ya baridi? Gari lilikuwa likienda au limesimama? Barabara ilikuwa na mashimo? Lilizima ghafula kama taa, au lilikohoa kwanza?

Majibu hayo yatakuonyesha njia. Likizima ghafula, shuku umeme kwanza. Likikohoa na kupoteza nguvu, shuku petroli. Likizima penye mashimo, tazama kama vichwa vya betri na nyaya zimelegea. Likizima likipata moto na kuwaka likipoa, huenda ni koili: waya wake mwembamba waweza kuachana kwa joto na kugusana tena ukipoa. Katika magari mapya yenye kompyuta, sensa inayopima mzunguko wa krankshafti nayo huwa na tabia hiyo hiyo. Magari ya abiria yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani tangu mwaka 1996 yana plagi ya kusomea makosa; mwombe fundi asome kabla ya kununua kitu.

Kuna chanzo kimoja kisicho na gharama, hasa katika magari ya zamani. Petroli ikitoka tangini, lazima hewa iingie mahali pake. Tundu la hewa la kifuniko likizibwa na vumbi, petroli hushindwa kutoka. Basi gari likizima, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikiingia kwa nguvu, na gari likawaka mara moja, safisha tundu lile, kisha ulijaribu tena gari kabla ya kununua pampu. Lakini angalia: pasiwe na sigara wala moto karibu, na usifungue mrija wa petroli injini ikiwa ya moto.

Kazi yenu ya juma hili ni hii: wekeni daftari dogo garini. Fundi akipewa maandishi ya mara tatu gari lilipozima, atafanya kazi kwa akili, nawe utalipia kilichoharibika tu.