Kesi ya kazi inafunguliwa wapi? Maneno tuliyosema mbele ya wanachama

Kamati ilituomba tuongee juu ya swali moja tu. Mutu akitaka kumshitaki mwajiri wake, na hana feza ya avoka, aende tribinali ya wapi?

Munaweza kufikiri ni swali dogo. Ndugu mmoja wa umoja wetu alichukuliwa kazi ya ulinzi hapa Kalemie, akatumwa Kolwezi, akafanya huko miaka miwili. Miezi mitano ya mwisho hakulipwa. Juu ya kontra kuna anwani ya Kinshasa, juu ndiko ofisi kubwa ya kampuni iko. Basi wengine wakamwambia: peleka kesi Kinshasa, ndiko patroni anakaa. Wengine: hapana, fungua hapa hapa, si ndiko unakaa wewe? Wengine tena: Kolwezi. Kila mutu alikuwa na uhakika wake, na yeye anahesabu bei ya safari tatu ambazo hana feza hata ya moja.

Sheria ya tribinali za kazi, namba 016/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inajibu. Tribinali ya kesi ni ile ya mahali kazi ilifanyikia. Siyo kwa patroni, siyo kwako. Basi Kinshasa tuliitoa mara moja.

Lakini sheria ile ile imeacha mlango mwingine, na huu mlango unatuhusu sana sisi watu wa kurudi na kukimbia. Kama ni nguvu kubwa isiyozuilika, ile mafaransa wanaita «force majeure», ao ni kitendo cha mwajiri mwenyewe, ndiyo imefanya mfanyakazi ajikute mahali alipoajiriwa, basi tribinali ya mahali hapo inaweza kupokea kesi. Musikilize vizuri: mahali alipoajiriwa. Haisemi mahali popote anapokaa leo. Mutu aliyeajiriwa Lubumbashi, akafanya kazi Lubumbashi, halafu akaja Kalemie kwa shemeji yake, huyo hana mlango hapa, hata kama safari ni ndefu na mfuko ni mtupu. Ni vigumu kumwambia mutu hivyo, lakini ni heri ayasikie kwetu kuliko kwa jaji baada ya mwaka.

Sasa ndugu yetu. Aliajiriwa hapa, na kontra inasema hivyo: «Fait à Kalemie». Je, alirudi kwa kupenda kwake? Hapana. Kampuni ilifunga kituo cha Kolwezi, ikamuandikia karatasi ya safari ya kumrudisha. Karatasi ile ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia ya mke wake, na mama huyo ndiye aliyekumbuka. Bila hiyo, tungebaki na maneno tu. Ndiyo maana tunasema kila siku: musitupe karatasi. Kontra, fishi ya mshahara, kadi ya kazi, orodha ya zamu, hata ujumbe wa simu ambao chef anasema «kesho uko poste fulani», vyote vinaonyesha mahali kazi ilifanyikia na nani alikuhamisha.

Jambo la pili, na hapa ndipo wengi wanaanguka: hauendi tribinali moja kwa moja. Kodi ya kazi, sheria 015/2002 ya siku ile ile, inataka kwanza mupite mbele ya inspekta wa kazi wa eneo hilo kwa mapatano. Mukisikilizana, inaandikwa, imekwisha. Musiposikilizana, ao patroni asipokuja, inspekta anaandika PV. Bila PV ya kukosa mapatano, tribinali haipokei kesi yako, hata ukiwa na haki mia kwa mia. Ndugu yetu alienda kwa inspekta hapa, na mambo ya kwanza ambayo inspekta aliuliza ni yale yale: ulifanyia wapi, uliajiriwa wapi, nani alikurudisha? Kampuni haikufika. PV iko mkononi.

Na saa inatembea. Kudai mshahara, sheria inakupa mwaka 1 tangu siku ulipaswa kulipwa. Madai mengine mengi yanayotoka kwa kontra, kama kufukuzwa bila sababu, ni miaka 3. Kumushitaki patroni kwa inspekta kunakata hesabu hiyo. Kulalamika kwa jirani na kwa mchungaji hakukati kitu. Basi mutu mwenye shaka juu ya mahali asingoje mpaka awe na uhakika; aende kwa inspekta aliye karibu, amuulize.

Tribinali ya Kazi haijafunguliwa kila mahali. Pale haijafunguliwa, kesi za kazi zinabaki kwa mahakama za kawaida, na huku kwetu munaulizia kwenye grefe ya TGI. Unaweza kusimama mwenyewe bila avoka. Ombi linaweza kuandikwa, linaweza pia kusemwa kwa mdomo mbele ya grefye naye akaliandika. Sisi tunashauri uandike, na mstari wa kwanza kabisa useme: nilifanyia kazi mahali fulani, niliajiriwa mahali fulani, niko hapa kwa sababu fulani. Juu avoka wa patroni ataanzia hapo. Kwa ndugu yetu alianzia hapo: aliandika kwamba kesi ni ya Kinshasa. Bado tunangoja jaji aseme.

Kwa madereva, ambao hawana mahali pamoja, tunawaambia waandike pale gari lilikuwa linalala na pale walikuwa wanapokea amri. Inasaidia kuliko kutaja barabara nzima.

Wale waliofanya kazi ngambo, Kigoma ao kwingine Tanzania, dai lao liko kule kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ofisi ya eneo ambako shida ilitokea. Na kule siku ni chache sana: 30 kwa kufukuzwa kazi, 60 kwa madai mengine. Ukichelewa, lazima uombe ruhusa na utoe sababu. Mutu anayejiandikisha kurudi aulize hayo kabla ya kupanda mashua.

Na walimu wenye matricule ya Serikali, pamoja na wafanyakazi wengine wa Serikali wenye statut, musijipange kwenye mstari huu. Kodi ya kazi haiwahusu. Njia yao inaanza na barua kwa mkubwa aliyechukua uamuzi, halafu mahakama za utawala. Tutawatafutia siku yao.

Wenye karatasi leo, mubaki kidogo. Tutazisoma moja moja, na wasiojua Kifaransa tutawatafsiria.