Gari Lako Linakula Oili?

Mwenye gari la miaka mingi, hili linakuhusu. Gari lako linakula oili? Kabla hujakimbilia oili ya sintetiki, pima kwanza.

Asubuhi, injini ikiwa imepoa na gari liko pahali tambarare, chomoa stiki ya oili. Ifute kwa kitambaa, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena. Oili iwe kati ya zile alama mbili. Ikipungua, ongeza kidogo kidogo. Usizidishe. Pima hivyo kila wiki.

Oili hupotea kwa kuvuja au kwa kuungua. Tazama chini gari lilipolala: kuna matone? Tazama ekzosi: moshi wa bluu ni oili inayoungua. Mara nyingi ringi za pistoni au sili za valvu zimelika.

Oili ya sintetiki ni nzuri kweli. Inastahimili joto kali. Lakini haizibi sili iliyochanika, wala haifufui ringi zilizokwisha. Utalipa zaidi, na itapotea vilevile.

Kwa hiyo pima kwanza. Mwone fundi, atengeneze panapovuja, ndipo ubadilishe oili. Nunua oili yenye uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari.

Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, egesha pembeni. Zima injini papo hapo.