Usugu wa Dawa: Anayezoea ni Bakteria, si Mwili

Wengi hudhani kuwa mwili ndio unaoizoea dawa. Sivyo, bakteria ndio wanaokuwa sugu. Wapo wanaotengeneza kimeng'enya kinachoivunja penisilini kabla haijawadhuru. Wengine huisukuma dawa itoke nje yao. Tena hupeana vinasaba vya usugu, hata kwa bakteria wa aina nyingine. Dawa itumikapo ovyo, walio dhaifu hufa, walio sugu husalia na kuzaana. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alitahadharisha hivyo mwaka 1945.

Basi, msinunue viuavijasumu bila cheti cha daktari, wala msivitumie kwa mafua, yaletwayo na virusi. Fuateni dozi mliyoandikiwa, msigawiane masalio. Bakteria sugu humwambukiza hata asiyewahi kuitumia dawa hiyo.