Mtoto Akapata Joto

Neno: 2 Wafalme 4:29-37



Mnajua habari ya mama Mshunami. Gehazi alitangulia na fimbo ya Elisha, akaiweka juu ya uso wa mtoto, lakini mtoto hakuamka. Ndipo Elisha mwenyewe akaingia, akafunga mlango, akaomba. Halafu akajilaza juu ya mtoto mpaka mwili ukapata joto. Akatembea nyumbani, akarudi tena. Hapo mtoto akapiga chafya mara saba, akafungua macho.

Angalieni mambo matatu: aliomba, alitenda, alirudia.

Leo nasema na jamaa zenye mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Mapafu yake hayajakomaa. Hana vya kutosha ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa kushikamana, na kila pumzi kwake ni kupanda mlima. Mwaka 1963 Patrick, mtoto wa Rais Kennedy wa Marekani, alikufa kwa ugonjwa huo akiwa na siku mbili tu. Mali ya baba haikumwokoa. Leo Mungu ametoa njia: oksijeni kwa kipimo, hewa inayosukumwa puani, na mtoto kulazwa kifuani, ngozi kwa ngozi, kama Elisha alivyofanya. Baba pia anaweza.

Watoto wengine mapafu yao huumia, wakahitaji oksijeni zaidi ya mwezi. Hapo imani inajaribiwa. Mmoja anasema, "Oksijeni inaua." Mwingine anasema, "Tumeombea, toeni bomba." Wapendwa, msilitoe! Kweli, oksijeni ikizidi inaweza kuharibu macho. Ndiyo sababu kipimo ni kazi ya waganga, wala si ya jamaa. Kukubali dawa si kukosa imani. Hospitali ya Panzi kule Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999, iko chini ya CEPAC, kanisa la Kipentekoste.

Mkirudi nyumbani, msimweke mtoto penye moshi wa kuni. Mwenye kikohozi asimbebe, hata akiwa mchungaji. Mpeni maziwa ya mama na chanjo zote. Mkiona mbavu zinaingia ndani, pua zinapanuka, midomo inabadilika rangi au anakataa kunyonya, kimbieni hospitali saa ileile, hata usiku. Maombi yaendelee njiani.

Na ninyi mashemasi: mama anayelala hospitali wiki nyingi anahitaji chakula, sabuni na msaada wa kulipa. Asimtoe mtoto kwa kuogopa deni, nasi tuko hapa tukiimba.

Mapafu ya mtoto huendelea kukua kwa miaka. Msikate tamaa. Elisha alirudi mara ya pili.

Ee Mungu uliyempulizia Adamu pumzi ya uhai, uwakumbuke hawa wadogo. Katika jina la Yesu. Amina.