Thamani ya Mtu Mbele za Mungu, na Deni Letu la Neno Jema

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wazee katika mkutano mkuu wa mwaka, Werugha



Tumepewa nafasi ya kusema maneno machache baada ya hesabu za mwaka kusomwa. Hesabu ya fedha ina mahali pake, na mweka hazina astahili shukrani kwa kila senti iliyoandikwa kwa uaminifu. Walakini iko hesabu nyingine ambayo haimo katika daftari lake. Ni watu wangapi katika milima hii waliokaa mbali na baraza letu mwaka huu, kwa sababu tu walijiona hawastahili kuketi pamoja nasi?

Twawajua. Yuko mzee aliyeuza ng'ombe wake wote kwa ajili ya matibabu ya mkewe, na sasa hana cha kutoa. Yuko kijana aliyekwenda Mombasa kutafuta kazi akarudi mikono mitupu, naye hupita njia ya nyuma asionekane na wenzake. Yuko binti aliyepata mtoto kabla ya ndoa, na mwanafunzi aliyeanguka mtihani, na mtu aliyetoka kifungoni baada ya kumaliza adhabu yake. Watu hao hawakufukuzwa na kanuni yo yote. Wamejifukuza wenyewe, maana kila mmoja amekwisha kusikia moyoni mwake hukumu kwamba thamani yake imekwisha.

Tunataka kusema mambo mawili juu ya jambo hili. La kwanza ni kwamba thamani ya mtu hutoka kwa Mungu, wala haitoki katika mfuko wake. La pili ni kwamba mara nyingi mtu hawezi kuliamini jambo hilo la kwanza mpaka alisikie katika kinywa cha mwenzake. Hapo ndipo ilipo kazi yetu.

Wahenga walisema kwamba mkono mtupu haulambwi. Methali hiyo ni ya kweli katika mambo ya dunia, kwa kuwa dunia humfuata mwenye kitu. Lakini tukiichukua tukaiingiza kanisani, au katika chama cha kusaidiana, tumeiharibu Injili. Tukumbuke ule mfano wa Bwana wetu juu ya mwana aliyepoteza mali ya babaye katika nchi ya mbali. Alipokuwa njiani kurudi alikuwa ametunga maneno yake tayari, akikusudia kuomba kazi ya kibarua. Hakutumaini tena kuitwa mwana. Basi babaye alipomwona angali mbali, alipiga mbio, mzee mzima, akamkumbatia. Wala hakumngoja amalize kusema yale ya kibarua. Vazi lilikuja kwanza, na pete, na viatu, kabla kijana hajafanya kazi hata ya saa moja katika shamba. Huo ndio utaratibu wa Mungu. Kwanza humpa mtu heshima, ndipo mtu hupata nguvu za kuishi kama apasavyo mwenye heshima hiyo.

Wengine watasema kwamba kujiona si kitu ndiko kunyenyekea. Sivyo, ndugu zetu. Mnyenyekevu asema, "Nimepewa bure, nami sikustahili." Mwenye kujidharau asema, "Wengine wamepewa, lakini mimi siwezi kupewa." Yule wa kwanza amempa Mungu utukufu, huyu wa pili, pasipo kujua, amefupisha mkono wa Mungu. Gideoni alikuwa akipepeta ngano mafichoni kwa kuwaogopa adui, naye alijihesabu kuwa mdogo kuliko wote katika nyumba maskini. Hata hivyo malaika alimsalimu kwa jina la shujaa. Mungu alimwita kwa kile alichokusudia kumfanya, wala hakumwita kwa hofu aliyokuwa nayo siku ile.

Na tukitaka mfano ulio karibu na milango yetu, tutazame msitu wa Ngangao. Ni msitu mdogo. Ukisimama juu ya Vuria, ambao ni mlima wetu mrefu kupita yote, wenye kimo cha mita 2,208, utaona kwamba misitu ya asili iliyobaki katika milima ya Taita ni vipande vipande tu kati ya mashamba. Na hata hivyo katika vipande hivyo vichache yuko ndege mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, atafutaye chakula chake chini ya miti kwenye majani makavu, ambaye wataalamu wamempa jina la Taita kwa sababu haonekani mahali pengine po pote duniani. Watu wametoka nchi za mbali kuja kumtazama, ilhali wengi wetu twapita karibu naye tukienda sokoni Wundanyi. Mwokozi wetu alifundisha kwamba Baba wa mbinguni huwajali hata ndege wauzwao kwa bei ndogo. Ikiwa Mungu hakuona vigumu kumweka kiumbe wa pekee namna hii katika kipande cha msitu wa Taita, itakuwaje amsahau mtoto wa Adamu akaaye kando ya msitu huo huo?

Sasa twafika kwenye jambo la pili. Saulo wa Tarso alipookoka, Mungu alikuwa amekwisha kumkubali. Lakini alipofika Yerusalemu, wanafunzi walimwogopa wote, na hofu yao ilikuwa na sababu, kwa kuwa mtu yule alikuwa amewapeleka wenzao gerezani. Saulo aliyekubaliwa mbinguni hakuwa na mahali pa kuketi duniani. Ndipo Barnaba akamshika mkono, akampeleka kwa mitume, akawaeleza kwa utaratibu jinsi alivyomwona Bwana njiani na jinsi alivyohubiri huko Dameski. Baadaye Barnaba huyo huyo alifunga safari mpaka Tarso kumtafuta, akamleta Antiokia wafanye kazi pamoja. Tujiulize: kama Barnaba angalinyamaza, nani angaliandika zile nyaraka ambazo kanisa limezisoma tangu siku zile?

Tena tuangalie namna Barnaba alivyosema. Hakumpamba Saulo kwa sifa za uongo, wala hakuficha yaliyopita. Alieleza mambo aliyoyajua kuwa ya kweli. Kumtia mtu moyo si kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Ni kutafuta jambo la kweli na jema ndani yake, na kulisema waziwazi mbele ya watu waliokuwa wakimwogopa au wakimdharau.

Wazee wetu hapa Taita walilijua neno hili kwa njia yao kabla Injili haijafika Sagalla pamoja na J. A. Wray mwaka 1883. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu yaweza kuleta madhara nyumbani, hata kama mwenyewe hasemi neno. Na dawa yake ilikuwa kutasa. Mzee alichukua funda la maji, au la pombe ya miwa, akalipuliza nje, na pamoja na kulipuliza akatamka maneno ya amani na heri kwa wale aliowakasirikia. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Grace Harris, aliyekaa katika milima hii mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliiona desturi hiyo kuwa kiini cha dini ya Wataita, na kitabu chake juu ya jambo hilo kilichapishwa mwaka 1978. Sisi tulio Wakristo hatuiweki desturi hiyo mahali pa msalaba. Lakini hatuna budi kukiri kwamba babu zetu walielewa jambo moja kubwa: haitoshi moyo kuacha chuki kimyakimya, kinywa nacho lazima kiseme heri, na yule mwingine asikie.

Tumeona pia katika nchi yetu hii madhara ya neno baya lisilopata mtu wa kulikanusha. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walishambulia kambi ya Waingereza huko Kasigau. Serikali ya wakati ule iliwashuku wenyeji kuwa wamewasaidia adui. Watu wa Kasigau wakatolewa katika mlima wao wakahamishiwa Malindi, mahali pa joto na homa, na wengi wao walikufa huko. Waliosalia walirudi kwao katika miaka ya 1930. Hebu tufikiri juu ya mtoto aliyezaliwa Malindi katika miaka hiyo. Hakuwa amefanya neno lo lote, na hata hivyo alikua chini ya jina la usaliti. Lakini walioishi walirudi, wakajenga, wakalima, wakasali. Na leo vijiji vya Rukanga na Bungule na vinginevyo viko pale chini ya mlima kuwa ushahidi kwamba hukumu ya wanadamu siyo ya mwisho.

Ndugu zetu, tusidhani kwamba kuwatenga watu ni kazi ya serikali za kigeni peke yake. Chama kidogo chaweza kufanya hivyo kwa karatasi moja. Desturi ya vyama vingi ni kusoma hadharani majina ya wanaodaiwa michango, na siku hizi majina hayo hupelekwa hata kwa simu, yakafika Mombasa, Nairobi na Voi kabla jua halijatua. Mtu asomwaye hivyo aweza kulipa, naam. Aweza pia asilipe, asionekane tena, na siku akifiwa akazika kwa kujificha kama mwizi. Chama kilichoundwa ili mtu asizike peke yake kitakuwa kimemfanya azike peke yake.

Kwa hiyo twaleta mbele ya mkutano huu mapendekezo matatu, nasi twaomba yajadiliwe na kupigiwa kura leo, yasiachwe kuwa mahubiri tu.

Kwanza, jina la mwanachama anayedaiwa lisisomwe hadharani wala kupelekwa katika simu za watu kabla wanachama wawili hawajakwenda nyumbani kwake, wakaketi, wakamjulia hali, wakasikia kilichompata.

Pili, mwanachama asiyeweza kutoa fedha apewe kazi ya mikono wakati wa msiba au harusi: kuchota maji, kupasua kuni, kuchimba kaburi, kukesha na wafiwa. Kazi hiyo iandikwe katika daftari kama mchango, na mwenyekiti aishukuru kwa sauti ile ile anayotumia kumshukuru mwenye noti.

Tatu, katika kila taarifa ya mwaka pawe na ukurasa wa kuwashukuru wale waliotumika pasipo fedha, na matendo yao yatajwe wazi, ili watoto wetu wajifunze kwamba heshima haina bei.

Mzee mmoja atauliza kwa haki kabisa: je, hatutafundisha uvivu? Je, wanaolipa kila mwezi kwa jasho lao hawatajiona wajinga? Swali hilo ni zuri, na jibu letu ni hili. Hatusemi deni lifutwe. Deni liandikwe, likumbushwe, lilipwe kidogo kidogo kadiri mtu awezavyo. Na mvivu ambaye ana nguvu na hataki kulipa wala kufanya kazi, kanuni za chama zipo kwa ajili yake. Tunachotaka kukiondoa ni ile aibu inayobandikwa juu ya deni. Mtu anadaiwa shilingi. Hadaiwi utu wake, kwa maana huo alipewa na Mungu, na hakuna mweka hazina awezaye kuuandikia stakabadhi. Tena mwenye kulipa kila mwezi asisahau kwamba afya ya leo si ahadi ya kesho. Mzee yule aliyeuza ng'ombe alikuwa, si miaka mingi iliyopita, mmoja wa waliolipa kwanza.

Wahenga walisema tena kwamba maneno mema humtoa nyoka pangoni. Ikiwa neno jema lamtoa nyoka, halitashindwa kumtoa jirani yetu ndani ya nyumba aliyojifungia. Basi kila mmoja wetu, kabla hajalala usiku huu, amkumbuke mtu mmoja wa mtaa wake ambaye hakuja hapa leo. Kesho asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya mashamba, aende akabishe hodi. Asiende na daftari. Aende na neno moja la kweli na jema analolijua juu ya mtu huyo, amwambie mbele ya watoto wake. Na mlango ukifunguliwa, amwambie pia kwamba nafasi yake katika baraza ipo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyepewa kuikalia.

Mungu aliyetukubali sisi tulipokuwa hatuna kitu atujalie vinywa vya Barnaba, aibariki Werugha na Taita nzima, na awarudishe nyumbani wote waliojificha.