Mikono ni yetu, karatasi nayo iwe yetu

Maneno ya fundi mmoja wa kujenga, mwanachama wetu, mbele ya mkutano mkuu wa shirika hapa Lubutu. Tumeyaandika namna aliyasema, tumefupisha kidogo tu.



Mimi si mtu wa hotuba. Prezida aliniomba niseme juu ya kuandikisha kazi yetu ya kujenga, na nilikubali juu jambo lenyewe liliniuma mimi mwenyewe.

Miaka michache nyuma, sisi mafundi nane tulijenga madarasa matatu ya shule. Patro alitoka mbali. Msingi tulichimba sisi, matofali tulichoma sisi, mabati tulipandisha sisi. Siku ya kupokea nyumba, patro alisimama mbele, akapigwa picha, akatia saini. Sisi tulikuwa nyuma, pamoja na watoto wa shule. Kisha akaondoka, na malipo yetu ya mwisho yakaenda naye. Tulipopeleka mashitaki, tuliulizwa neno moja tu: “Bapapa, kontra yenu iko fasi gani?” Hatukuwa nayo. Tulikuwa tumepatana kwa mdomo.

Hiyo ni hasara ya kwanza. Ya pili ilikuja nyuma. Mradi mwingine ulitangaza kazi, tukapeleka ombi. Wakauliza: “Mulisha kujenga nini?” Tukawaonyesha ile shule kwa kidole. Wakajibu: “Ile iko ku jina la mutu mwingine.” Franga zetu tulizikosa mara moja, lakini jina tunalikosa kila mara mpaka leo.

Bandugu, sisi wenye tulikimbia na kurudi tunajua uzito wa karatasi. Mwaka 1996 na 1997 vita ilipita ku barabara hii ya Kisangani na Bukavu, na Tingi-Tingi ilijaa wakimbizi. Tena mwaka 1998 vita ikaanza upya. Wengi walitoka na watoto mgongoni, diplome ikabaki ndani ya nyumba. Tuliporudi, fundi mwenye alisoma alihesabiwa sawa na mwenye hakusoma. Ile karatasi vita ndiyo ilitunyanganya. Hii ya leo, ni sisi wenyewe hatujaitafuta.

Sasa niseme njia. Kuna mambo mawili yenye watu wanachanganya: kuandikishwa, na kupewa daraja.

Kuandikishwa ni kusema mbele ya serikali: mimi niko, ninafanya biashara hii, jina langu ni hili. Tangu tarehe 12 Septemba 2012 inchi yetu inafuata sheria za OHADA katika mambo ya biashara. Sheria hizo zinaweka milango mbalimbali. Mtu mdogo mwenye anaanza peke yake anaweza kujitangaza tu kama “entreprenant”; kutangaza huko hakulipwi, na anapewa namba yake. Mwenye amekua kidogo anaingia ndani ya kitabu cha biashara, RCCM, kama etablisema. Lakini ajue: ku etablisema, deni ya kazi ni deni yake mwenyewe, inaweza kufika mpaka ku nyumba yake. SARL inatenganisha mali ya kampuni na mali ya mwenyewe, na hata mtu mmoja anaweza kuifungua. Tena kuna kooperative: watu watano wanatosha kuanza ile ndogo.

Pamoja na RCCM mnatafuta namba ya kitaifa, Id. Nat., na namba ya kodi ya DGI. Guichet Unique iliwekwa juu mambo hayo yafanywe fasi moja. Kule yenyewe haijafika, RCCM inachukuliwa ku grefe ya tribunali. Mkiajiri watu, mnajiandikisha CNSS, ili fundi akianguka ku ukuta asiachiwe jamaa yake peke yao.

Daraja ni jambo lingine. Ni wizara ya kazi za umma kuangalia na kusema: kampuni hii inaweza kujenga nyumba ya kadiri gani, ama daraja la mto, ama barabara. Wanaangalia mashine, wanaangalia watu wenye diplome, na wanaangalia kazi zenye ulisha kumaliza. Bandugu, shikeni hilo la mwisho.

Majirani wetu wanafanya hivyo pia. Tanzania iliweka bodi ya makontrakta, CRB, kwa sheria ya mwaka 1997. Makampuni ya ujenzi ya inchi ile yanapangwa toka daraja la saba mpaka la kwanza. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, ilianzisha mamlaka ya ujenzi, NCA, yenye kupanga toka la nane mpaka la kwanza. Hakuna aibu kuanzia chini. Ngazi ni ya kupanda, na kinachokupandisha ni kazi zenye ushahidi. Fundi mwenye kujenga miaka makumi mbili bila karatasi moja, mbele ya komisyo yuko sawa na mtoto wa jana.

Najua maneno yenye mtasema, juu mimi pia niliyasema. “Tukijiandikisha, serikali itatukula kodi.” Ni kweli, kodi iko. Tena hata mwaka wenye hamukupata kazi, lazima mupeleke tangazo kwamba hamukupata kitu, ama faini itawafuata. Mwenye hataki kushika daftari asijiandikishe leo. Mwingine atasema: “Hata na makaratasi yote, soko linapewa mwenye kujulikana.” Sikatai, mara nyingine inakuwa hivyo. Lakini sheria ya masoko ya serikali, ile ya tarehe 27 Aprili 2010, inatoa nafasi ya kulalamika kwa mwenye alipeleka ombi. Mwenye hana namba hawezi kupeleka ombi, na bila ombi atalalamika juu ya nini? Ku makampuni ya watu binafsi, sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inasema kazi ndogo zenye kampuni kubwa inawapatia wengine ziende kwa makampuni ya Wakongomani. Inasema makampuni. Kikundi cha mafundi chini ya mwembe hakimo.

Basi naomba shirika lifanye mambo matatu.

La kwanza, tusiende mmoja mmoja. Sima na vyuma tunavitoa Kisangani, lakini sisi ni watu wa Maniema, dosiye zetu ziko ku Kindu, na njia ya kupitia Punia kila mmoja anaijua. Kila mmoja akienda peke yake, transporti itakula franga zote mbele ya kufika ku biro. Tukusanye dosiye, tuchague mtu mmoja mwenye kusoma vizuri, aende nazo zote, arudi na risiti ya kila franga. Tusipitie komisionere mwenye kusema anajua mlango wa nyuma. Likelemba yetu ya mafundi inaweza kumlipia mmoja kila mwezi, yenye tunafanya kila siku juu ya msiba na ndoa.

La pili, kuanzia leo, hakuna mwanachama kushika kazi kwa mdomo. Hata choo, hata ukuta wa jirani: karatasi moja, majina mawili, bei, siku, saini. Mkimaliza, muombe karatasi ya kupokea kazi. Sekretere atafungua faili ya kila fundi. Siku ya kuomba daraja, ile faili ndiyo itasema kwa nafasi yetu.

La tatu, wadogo waungane. Mwenye ana mafundi lakini hana injeniere, na mwenye ana injeniere lakini hana vifaa, wanaweza kuomba kazi pamoja. Ila waandike mbele nani atajibu kama kazi imeharibika.

Kwenu wafadhili nina ombi dogo, na halina franga nyingi. Mkijenga ku teritwari yetu, mkapatia kazi kampuni ya mbali, sawa. Lakini muandike ndani ya kontra kwamba mafundi wa hapa watapewa karatasi zao, kwa majina yao, na malipo ya mwisho ya patro yasitoke mbele yao kulipwa. Hiyo itatusaidia kuliko mifuko ya sima. Mfuko wa sima unaisha ku ukuta mmoja. Karatasi ya kazi inatufungulia kazi nyingine.

Ile shule yetu ingali imesimama. Mvua imeipiga, haijapasuka. Mjukuu wangu anasoma ndani. Siku moja aliniuliza: “Tate, ni nani alijenga masomo yetu?” Nikamwambia: ni mimi. Akaniangalia, akasoma jina ku kibao, akasema: “Hapana, Tate, si jina yako.”

Bandugu, nimechoka kubishana na mtoto.